TAHADHARI: Muuzaji wa sarafu za kale za dhahabu za Marekani anayepita kwenye makundi yetu

Waungwana na ndugu zangu, naandika kuwatahadharisha wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi Marekani, hasa walioko Maryland, Virginia na Washington, juu ya mwanamume anayepita kwenye makundi yetu ya WhatsApp na kwenye shughuli zetu za harusi na misiba akiuza sarafu za kale za dhahabu. Jina lake silitaji, kwa kuwa taarifa imekwisha kufikishwa polisi, na kwa kuwa jina analotumia hubadilika pamoja na namba ya simu kila anapohamia kundi jipya. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye duka la sarafu, na watu kadhaa wameniletea bidhaa zake nizitazame, hivyo ninayoyaeleza hapa nimeyaona mwenyewe kwa lenzi na mizani.

Utangulizi wake ni mzuri, hilo lazima tulikubali. Huwaamkia wazee kwa adabu, huuliza mtu ametoka mkoa gani, kisha husimulia kwamba alimuuguza mzee mmoja wa Kimarekani hadi mwisho wake, na kwamba mzee huyo alimwachia sanduku la sarafu. Kwa kuwa wengi wetu hapa tunafanya kazi hiyohiyo ya kutunza wazee, hadithi haimshangazi mtu. Husema kwamba hawezi kuzipeleka mnadani kwa sababu ya mambo yake ya uhamiaji, na kwamba angependa zibaki kwa watu wa nyumbani, kwa robo tu ya bei. Hapo hutoa karatasi iliyochapwa kutoka kwenye tovuti ya kampuni ya mnada, yenye picha ya sarafu, daraja lake na bei iliyofikiwa. Karatasi hiyo ni ya kweli, na bei iliyoandikwa ni ya kweli. Tatizo ni kwamba sarafu iliyouzwa siku ile na sarafu aliyoishika yeye mkononi ni vitu viwili tofauti.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa sarafu ya dola 20 ya mwaka 1927. Hii ni ya muundo wa mchongaji Augustus Saint-Gaudens, uliotolewa tangu 1907 hadi 1933, wenye mwanamke aliyesimama akiwa na mwenge mkono mmoja na tawi la mzeituni mkono wa pili. Mwaka 1927 kiwanda cha Philadelphia kilitoa zaidi ya milioni 2.9 za sarafu hizo, na kiwanda cha Denver kikatoa 180,000. Za Philadelphia hazina herufi yoyote, ilhali za Denver zina herufi D ndogo sana juu ya tarakimu za mwaka. Kisha tarehe 5 Aprili 1933 Rais Franklin Roosevelt akaamuru raia warudishe dhahabu yao, na sarafu zilizokusanywa pamoja na zile zilizokuwa bado ghalani zikayeyushwa. Nyingi za Philadelphia zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari na kulazwa kwenye benki za Ulaya, zikaanza kurudi miaka mingi baadaye, na ndiyo maana leo unazikuta kwenye duka lolote kubwa la sarafu. Za Denver ziliteketea karibu zote, zinazojulikana leo hazifiki 20, na zilizo bora kati ya hizo zimeuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja.

Bwana huyu huonyesha karatasi ya mnada ya sarafu yenye D, kisha huuza ile isiyo na herufi. Ni sawa na kumuuzia mtu kiwanja cha Kibaha kwa kumwonyesha hati ya mauzo ya kiwanja cha Masaki. Mama mmoja alilipa dola 14,000 kwa sarafu ya namna hiyo akiamini amepata bahati. Sarafu yenyewe ilikuwa halali, na haikuwa takataka: ina uzito wa gramu 33.436, dhahabu yake ni sehemu 900 kwa 1,000, yaani karati 21.6, na ndani yake mna wakia 0.9675 za dhahabu safi. Dhahabu ikiwa dola 4,000 kwa wakia, thamani ya madini yake ni dola 3,870, na duka lingemtoza kidogo tu juu ya hapo. Zilizobaki zilikuwa bei ya hadithi ya mzee aliyeuguzwa.

Suala la daraja ndilo linalowachanganya watu kuliko yote, na yeye hulitumia vizuri. Kipimo kinachotumika kinakwenda kuanzia 1 hadi 70. Kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya zile senti kubwa za shaba za zamani, na baadaye kikachukuliwa kwa sarafu zote za Marekani. Kampuni mbili zinazoaminiwa zaidi kwa kazi hiyo ni PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, iliyofuata mwaka 1987. Hizo huipima sarafu, huipa daraja, na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba. Kuanzia 60 kwenda juu, kwa herufi MS, ni sarafu ambayo haikuwahi kutumika sokoni. Lakini kutotumika hakumaanishi kutoguswa, kwa sababu dhahabu ni laini na sarafu hizi zilisafirishwa kwenye magunia zikigongana njia nzima. Ukiigeuza chini ya taa utayaona makovu hayo kwenye goti na kifua cha yule mwanamke, na kwenye uwanda mtupu ulio pembeni yake. Sarafu ya mwaka wa kawaida yenye MS 62 huuzwa karibu na thamani ya madini yake. Ileile ikiwa MS 67 inaweza kuwa na bei kubwa kuliko hiyo kwa mbali, na mtu asiyezoea akiziweka pamoja mezani ataona kwamba zinafanana.

Zaidi ya hapo, bidhaa zake nyingi zimesuguliwa. Watu wetu tunapenda dhahabu ing'ae, naye anajua, kwa hiyo huzipaka dawa ya kung'arishia na kuzipangusa kwa kitambaa hadi ziwake. Mkusanyaji anataka kinyume chake kabisa. Sarafu ambayo haijaguswa ukiizungusha taratibu chini ya taa, mwanga hutembea juu yake kwa mduara. Iliyosuguliwa huwaka yote kwa pamoja, na kwa lenzi utaona mistari membamba iliyolala upande mmoja. Kampuni za kupima hukataa kuipa sarafu hiyo namba ya daraja, huandika tu kwamba imesafishwa, na bei yake hushuka hapohapo. Alama ya kulehemu ukingoni, inayoonyesha kwamba sarafu iliwahi kuning'inizwa kwenye kidani, huleta hasara ileile.

Najua wengi mtasema kwamba sarafu iliyo ndani ya kasha haina shaka. Makasha ya bandia yapo, na yanatengenezwa kwa ustadi. Mwenye kuyatengeneza hachukui namba ya kubuni. Huchukua namba ya sarafu ya kweli iliyouzwa mnadani, akaichapa upya. Ukiiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni, jambo ambalo ni bure, jibu litakuja kwamba sarafu ipo na daraja lake ni hilo. Wanunuzi wengi huishia hapo. Inabidi uendelee, ufungue picha ya sarafu iliyohifadhiwa chini ya namba hiyo kama ipo, na uilinganishe na uliyonayo kovu kwa kovu. Kama sarafu ya kwenye picha ina mkwaruzo gotini na yako haina, basi namba ni ya sarafu nyingine. Ninayo mbele yangu picha ya kasha moja aliloliuza mwezi uliopita, ambalo namba yake ni ya sarafu ya dola 10 ilhali ndani mna ya dola 20. Huo ulikuwa uzembe wake, na hatakuwa mzembe siku zote.

Sasa nije kwenye hila yake iliyo nzito kuliko zote, ambayo imewanasa hata watu waangalifu. Mnunuzi akisita, yeye mwenyewe humwambia: "Kaka, ichukue, mpelekee sonara unayemwamini." Sonara huipima, huisugua kwenye jiwe lake, na kusema kwa haki kabisa kwamba ni dhahabu ya karati ishirini na moja na nusu hivi. Mnunuzi anarudi na fedha. Lakini sonara ameulizwa kama ni dhahabu, hakuulizwa kama ni sarafu. Katikati ya karne iliyopita zilitengenezwa sarafu bandia nyingi za dola za Marekani huko Lebanoni, kwa dhahabu ya kweli na uzito wa karibu sana na ule wa kweli, kwa sababu faida ya mtengenezaji ilikuwa kwenye nyongeza ambayo mkusanyaji hulipa juu ya madini. Ipo pia bandia maarufu ya dola 20 ya mwaka 1907 yenye mchoro ulioinuka sana, ambayo mtengenezaji wake aliweka saini yake, herufi ya Kigiriki omega ndogo mno, ndani ya kucha za tai. Hiyo nayo ni ya dhahabu, na iliwapita wataalamu wengi kabla haijagunduliwa.

Namna ya kuzitambua ni kutafuta makovu yaliyochapwa. Mtengenezaji huanza na sarafu moja ya kweli, ambayo tayari ina makovu yake, anatoa muhuri kutokana na hiyo, na kila bandia inayotoka hubeba makovu yaleyale. Niliona jambo hili kwa macho yangu. Familia mbili zisizojuana, moja ya Baltimore na nyingine ya Silver Spring, zilileta sarafu za dola 5 za mwaka 1881 zilizonunuliwa kwake. Kila moja ilikuwa na kishimo kidogo chenye pembe tatu chini ya jicho la kile kichwa cha mwanamke, na ukingo wa kishimo hicho ulikuwa mviringo na laini, haukuwa mkali kama unavyokuwa mahali palipogongwa. Kovu moja, mahali pamoja, kwenye sarafu mbili: hilo haliwezi kutokea magunini. Zote mbili zilikuwa na gramu 8.36, jinsi inavyotakiwa.

Kuhusu dola 20 ya mwaka 1933 sitasema mengi. Ipo moja tu ambayo raia anaruhusiwa kuimiliki, inayohusishwa na mkusanyo wa Mfalme Farouk wa Misri, na iliuzwa New York mwezi Juni 2021 kwa takriban dola milioni 18.9. Familia moja iliyopata nyingine 10 ilizipoteza mahakamani kwa serikali. Anayekuletea ya kwake, ama ni shaba iliyopakwa dhahabu, ambayo uzito wake hauzidi sana nusu ya unaotakiwa, ama ni mali ambayo serikali itakuja kuichukua. Sheria ya mwaka 1973 inataka nakala ziandikwe COPY. Kwenye zake mahali hapo pamekwanguliwa.

Hata pale karatasi ya mnada inapohusu sarafu inayofanana kweli na yako kwa mwaka, herufi na daraja, fahamu kwamba bei inayochapishwa kwa kawaida huwa imejumuisha ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi kidogo. Nyundo ikigonga dola 10,000, tovuti itaandika 12,000, na mwenye mali huenda akapata pungufu ya hizo 10,000 baada ya kamisheni yake kukatwa. Ahadi ya muuzaji kwamba "ukiipeleka mnadani kesho utapata hiihii" haiwezekani hata kwa sarafu safi.

Waliokwisha kununua nawaomba wasiifungue sarafu kutoka kwenye kasha, wasiisafishe, wahifadhi ujumbe wote wa WhatsApp na kumbukumbu za malipo, na watoe taarifa polisi mahali wanapoishi, kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lao, na kwenye kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kiitwacho IC3. Yeye hudai alipwe kwa zile huduma za simu ambazo fedha ikishatoka hairudi kirahisi, hivyo pigieni benki siku hiyohiyo. Na tafadhali asijitokeze mtu wa kufidia hasara yake kwa kumuuzia mwenziwe akijua ni bandia, maana hapo na yeye atakuwa ametenda kosa.

Taarifa ya mwisho niliyopata ni kwamba ameingia kwenye kundi la akina mama wa vikoba upande wa Virginia, na sasa anatangaza sarafu ndogo za dola 2.50 kama zawadi za harusi, akiupigia debe mwaka 1911 wenye herufi D. Sarafu hiyo inapaswa kuwa na uzito wa gramu 4.18 na upana wa milimita 18, na herufi yake hukaa upande wa tai, chini kushoto, karibu na mishale. Ni moja ya sarafu ambazo matapeli hubandika D ya bandia mara nyingi zaidi juu ya ile isiyo na herufi, kwa hiyo anayeletewa aitazame kwa lenzi, kisha aipeleke kwenye duka la sarafu kabla ya kutoa hata senti moja. Sonara hatoshi kwa kazi hiyo.