Dawa za asili za vidukari na inzi weupe: ununue nini kwanza Mombasa

Kabla hujatoa hata shilingi, geuza jani la sukuma wiki au bilinganya utazame upande wa chini. Vidukari hujazana kwenye machipukizi. Inzi weupe huruka kama unga ukitikisa mmea. Vidung'ata hufanana na vipamba vilivyogandia mashina ya mpapai. Wote hunyonya utomvu na kudondosha maji matamu yanayozaa ukungu mweusi kama masizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, wanafuata utamu huo, na huwalinda wanyonyaji dhidi ya maadui zao. Viwavi wanaotafuna majani wana dawa zao, hapa hatuwagusi.

1. Sabuni ya mche. Rahisi kuliko zote na ndiyo ya kwanza kununua. Chukua isiyo na manukato. Kipande cha gramu 100 hutosha lita 10: kikwaruze, kiyeyushe kwa maji moto kidogo, kisha ongeza maji baridi na uchuje kwa kitambaa. Sabuni huua mdudu aliyelowa tu. Ikishakauka haina kazi tena. Kwa hiyo pulizia chini ya majani hadi yachuruzike, jua likishatua, urudie kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu, maana mayai hayafi. Jaribu kwanza kwenye majani mawili na ungoje siku moja. Sabuni ya unga iache kwa nguo, huunguza majani.

Wengi huharibikiwa na maji, sio sabuni. Visima vingi vya hapa vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake ni magumu na mara nyingi yana chumvi. Sabuni hushikana na chokaa, ikaelea vipande vipande kama maziwa yaliyokatika, na bomba la kupulizia likaziba. Tia maji nusu chupa, tone la sabuni, tikisa. Povu likikataa kusimama, nunua mtungi mmoja wa maji matamu au kinga ya mvua. Lita 20 ni nyingi kwa bustani ya uani.

2. Mafuta ya mwarobaini. Tafuta yaliyokamuliwa bila moto: rangi ya hudhurungi, harufu kali inayokaribia kitunguu saumu. Yakiwa meupe na hayanuki, yamesafishwa mpaka kiini chake, azadiraktini, kimepungua. Chagua chupa ya rangi iliyokoza. Iliyoanikwa dirishani juani iache hapo hapo. Kijiko cha chai (mililita 5) kwa lita moja, hivyo chupa ya mililita 100 hutoa lita 20. Koroga mafuta na sabuni kidogo *kwanza*, ndipo utie maji. Ukigeuza mpango, mafuta yataelea na kuunguza majani. Tumia siku hiyo hiyo. Usitarajie wadudu waanguke jioni ile: huacha kula na kushindwa kujivua gamba, jambo la siku kadhaa.

Mwenye mti uani hana haja ya chupa. Gramu 50 za kiini cha mbegu, zilizotwangwa kwenye kinu na kulowekwa usiku kucha katika lita moja ya maji, hufanya kazi vizuri kuliko majani. Mbegu zikaushwe kivulini, ziwekwe kwenye gunia. Kwenye mfuko wa plastiki, kwa unyevu wa pwani, huota ukungu.

3. Kadi za njano zenye gundi. Hunasa inzi weupe na vidukari wenye mabawa. Ni za kukuonya, haziwezi kumaliza kundi. Kipande cha mtungi wa njano kilichopakwa grisi hufanya kazi ile ile.

4. Pareto, dawa itokanayo na ua la jina hilo. Huua haraka, lakini huua pia nyuki na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari, basi iwe ya mwisho. Soma viambato: payrethrini ndiyo pareto, saipamethrini au deltamethrini ni za kutengenezwa kiwandani, hata ua likichorwa kwenye lebo. Dawa yoyote ya agroveti iwe na nambari ya usajili inayoanza na PCPB, yaani bodi ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu.

Bomba la mkono la lita 2 latosha, bora ncha yake izunguke na kupuliza kuelekea juu. Bila hivyo, upande wa chini wa jani hautafikiwa.

Viachie dukani: chandarua cha mbu, kwa kuwa inzi weupe hupita kwenye matundu yake, na maji ya tumbaku. Nikotini ni sumu kwako, na tumbaku yaweza kubeba virusi vya kuambukiza nyanya na pilipili.