DataVolley mikononi mwa kocha aliyewahi kucheza

Paul Bitok aliichezea Kenya voliboli, akafundisha Rwanda, kisha akawaongoza Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, kufuzu Olimpiki ya Tokyo. Kocha wa namna hii anaujua mchezo kwa mwili wake mwenyewe, lakini kumbukumbu ya mchezaji hushika mikwaju mikubwa na kuachilia pokezi mbovu za katikati ya seti. Pengo hilo ndilo linalozibwa na DataVolley, programu ya takwimu za voliboli ya kampuni ya Kitaliano Data Project inayotumiwa na timu nyingi za taifa.

Skauti, yaani mwandishi wa takwimu wa timu, hukaa nyuma ya uwanja na kompyuta, akiandika kila mguso kwa msimbo. S ni sevu, R upokezi, A shambulizi, B bloku. Akiandika 5SQ.10# maana yake mchezaji nambari 5 wa timu mwenyeji amepiga sevu ya kuruka kwa nguvu, na nambari 10 wa wageni ameipokea kikamilifu. Daraja la sevu programu inalijaza yenyewe kutokana na upokezi, na hapo skauti anaokoa muda mwingi.

Madaraja ya ubora wa mguso yako sita: # + ! - / =, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Alama ya / kwenye shambulizi ina maana mpira umezuiwa na bloku ukawa pointi ya wapinzani. Kwenye upokezi ina maana mpira umevuka wavu moja kwa moja. Tena, kila timu lazima ikubaliane mapema: kwenye upokezi, # ni pale seta, yaani mpangaji wa mipira ya kushambulia, anapokuwa na chaguo zote, pamoja na mpira wa haraka wa katikati; ! ni pale mpira huo wa haraka umeshapotea. Mipaka hiyo aiweke kocha, kwa maandishi, kabla ya msimu. Jicho la mchezaji wa zamani lina thamani kubwa hapa kuliko kwenye hatua nyingine yoyote, maana skauti wawili wasiokubaliana watatoa ripoti mbili za mechi moja.

Kosa jingine ni nafasi ya seta. Ikiingizwa vibaya mwanzoni mwa seti, takwimu za mizunguko yote sita, yaani mipangilio ya wachezaji kulingana na nafasi ya seta, zinahama. Vivyo hivyo seta na oposti (mshambuliaji anayesimama mkabala na seta) wakibadilishwa kwa pamoja, seta mpya asipotangazwa.

Ripoti yenyewe ni nzuri mno. Mshambuliaji mwenye mashambulizi 30, pointi 14, makosa 4 na mipira 3 iliyozuiwa anaonekana yuko vizuri kwa asilimia 47. Ukiondoa makosa na bloku, ufanisi wake ni asilimia 23 tu. Ukiunganisha na video, unabofya na kutazama pokezi zote za mzunguko wa 1 mfululizo. Kamera isizimwe wakati wa mapumziko, maana kila ikizimwa misimbo inapishana na picha na kazi ya kuoanisha inaanza upya.

Inahitaji Windows, na kasi ya vidole haipatikani kwa wiki moja. Timu ya taifa, au klabu ya ligi kuu yenye skauti wa kudumu, inunue bila kusita. Shule na klabu ndogo zianze na karatasi yenye safu sita, moja kwa kila nafasi ya seta, zikitumia madaraja hayo hayo kwa upokezi peke yake.