Kifaa kinachompa wakala wa AI anwani yako ya IP: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kutunza hifadhidata za wateja wadogo. Nyingi ziko kwenye seva za Ulaya na karibu zote zimefungwa: anayeingia ni yule tu ambaye anwani yake ya IP, yaani namba inayomtambulisha kwenye intaneti, imeandikwa kwenye orodha. Kwa anayetumia intaneti ya nyumbani, huo ni usumbufu wa kila mara. Umeme ukikatika na ruta ikawaka tena, mara nyingi unapewa anwani nyingine, na pale ulipoingia asubuhi huingii tena jioni. Ndiyo maana nilikijaribu kifaa hiki kidogo, yaani programu, cha MCP (Model Context Protocol), ule utaratibu wa kuunganisha AI na zana za nje ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024. Kina kazi moja: wakala, yaani AI inayokufanyia kazi kwenye kompyuta, akikiita, kinaiuliza huduma ya ipify na kumrudishia anwani ambayo dunia inaiona.

Kabla ya hapo nilikuwa nikimwomba wakala aniongeze kwenye orodha, naye anasoma anwani ya kompyuta na kuniletea 192.168.1.23. Hiyo ni anwani ya ndani ambayo ruta inaigawa nyumbani. Nyumba chungu nzima duniani zina hiyo hiyo, na seva iliyoko Frankfurt haitaiona kamwe. Nilipounganisha kifaa na kurudia ombi lile lile, alikiita kwanza, akapata anwani halisi, akapendekeza kufuta ya zamani na kuweka mpya yenye /32 mwishoni, yaani hiyo moja tu, kisha akasubiri nithibitishe. Nimelipenda sana hilo.

Mtu atasema wakala mwenye ruhusa ya kuendesha amri anaweza kutumia curl, amri ya kuuliza tovuti moja kwa moja, akapata jibu lile lile. Anaweza. Ila mimi sitaki kumruhusu aendeshe amri yoyote kwenye kompyuta yenye funguo za wateja, ilhali anachohitaji ni anwani tu. Kifaa cha kazi moja kinahitaji ruhusa finyu, na kwangu thamani yake iko hapo.

Kabla ya yote, angalia kifaa kinaendeshwa wapi. Kikiwa kwenye kompyuta yako, jibu ni anwani yako. Kikiwa kwenye seva ya mbali, jibu ni anwani ya huko, na utakuwa umeifungulia hifadhidata seva ya watu ukidhani umejifungulia mwenyewe. VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, ikiwa imewashwa, utaletewa anwani ya VPN. Maelezo ya kifaa hayasemi hili popote, na yalipaswa kulisema mstari wa kwanza.

Upungufu mwingine ni IPv6, aina mpya ya anwani iliyo ndefu kuliko ile ya zamani, IPv4. ipify wana njia inayojibu kwa IPv4 pekee na nyingine inayojibu kwa yoyote unayotumia. Kifaa kinatumia hiyo ya pili bila kukupa nafasi ya kuchagua, kwa hiyo unaweza kuletewa anwani ndefu yenye nukta pacha wakati orodha yako inapokea IPv4 tu. Nilibadilisha mstari mmoja kwenye msimbo, kutoka api64 kwenda api, yakaisha.

Kwenye data za simu ndiko kuna kazi. Anwani zote za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 na hazitoshi, kwa hiyo mitandao mingi ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kifaa kitakuletea hiyo anwani bila kukosea, lakini ukiiandika kwenye orodha umewaruhusu na watu usiowajua, na kinachobaki kuwazuia ni nywila. Kujua si vigumu. Zima VPN, fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au haifanani na iliyoletwa na kifaa, kuna uwezekano mkubwa anwani iliyoletwa na kifaa si yako peke yako. Natamani kifaa kingefanya ulinganisho huo chenyewe na kumwonya wakala kabla hajaandika chochote.

Kwa sasa, nikiwa kwenye data za simu ninakizima na kupitia VPN yenye anwani isiyobadilika. Nyumbani kinabaki kimewashwa. Ni cha bure, hakihitaji akaunti wala ufunguo, na mwenye anwani ya peke yake nampendekezea bila kusita.