Ripoti za World Weather Attribution, mi nazipa nyota nne na nusu

Jamani kama ushawahi kujiuliza haya mafuriko ni mabadiliko ya tabianchi au ni mvua tu kama za zamani, hawa jamaa wa World Weather Attribution, kundi la wanasayansi, ndo wanaopiga hiyo hesabu, tena bure na mapema, watu bado wanaongelea tukio lenyewe. Mmoja wa waanzilishi ni Friederike Otto, na njia yake ya shule naipenda sana, kasoma fizikia Potsdam, udaktari akachukua wa falsafa ya sayansi Berlin 2012, akapita Oxford, toka 2021 yuko Imperial College London. Ile falsafa inaonekana kabisa, hawasemi "tabianchi imeleta mafuriko," wanasema imeongeza kiasi gani.

Soma ile ya mvua za Oktoba mpaka Desemba 2023 huku kwetu Afrika Mashariki, iliongozwa na Mkenya Joyce Kimutai: mvua ilikuwa nzito hadi mara mbili kwa sababu ya ongezeko la joto, na hali ya Bahari ya Hindi, ambayo nayo ilichangia mvua, wakaitaja, hawakuificha. Nusu nyota nimekata kwa sababu takwimu ni nzito mno, anza na yale maelezo mafupi ya juu.