PinePhone: Naweza Kumnunulia Mama Simu ya Linux?

Karibuni tena watu wangu! Leo mikono haitulii kwa furaha, maana niliyoshika hapa ni PinePhone ya kampuni ya Pine64, simu inayoendeshwa na Linux, mfumo endeshi huria. Mmeniuliza kama naweza kumnunulia mama simu hii, basi twende tuone. Najua kuna atakayeniandikia kwamba hata Android ina Linux ndani. Ni kweli, kiini ni kilekile. Ila huku Google hayupo, mfumo unachagua mwenyewe: Mobian, postmarketOS, Ubuntu Touch. Unachomeka kadi ya kumbukumbu yenye mfumo mwingine, unawasha, tayari umeshika simu nyingine.

Prosesa, kioo, kamera, tuviache. Ni simu iliyoanza kuwafikia watu 2020, na vifaa vyake ni vya bei ya chini.

Nataka muone hiki hapa. Naingiza ukucha kwenye huu upenyo wa kona ya chini, navuta taratibu... mmesikia? Mfuniko huo umetoka, na sijashika bisibisi. Simu yangu iliyopita ilivimba betri, nikaipeleka kwa fundi, na kioo kikapasuka wakati anahangaika na gundi. Hapa betri naitoa kwa vidole, naweka nyingine, kwisha.

Sasa angalieni hizi swichi sita, ndogo kuliko punje ya mchele. Ya kwanza ni ya mtandao wa simu, ya pili Wi-Fi na Bluetooth, ya tatu maiki, ya nne kamera ya nyuma, ya tano kamera ya mbele, ya sita tundu la hedifoni. Nafungua programu ya kurekodi sauti. Moja, mbili, tatu! Mnaona mawimbi yanavyoruka? Nachukua kijiti cha meno, naizima ya tatu. Moja, mbili, tatu! Mstari umelala. Haloo! Umelala vilevile. Saketi yenyewe imekatwa, hata programu iwe na ujanja gani haina pa kusikilizia. Nimerudia hili tangu asubuhi na bado linanisisimua.

Librem 5, simu nyingine ya Linux kutoka kampuni ya Purism, nayo ina swichi, tatu tu, lakini zipo ubavuni, huhangaiki na mfuniko. Hapo wamewashinda Pine64, lazima niseme. Tatizo bei! PinePhone imeuzwa dola 149 yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, ya GB 2, na dola 199 yenye GB 3. Librem ni mara kadhaa ya hiyo. Na hapo hujalipia usafirishaji wala ushuru.



Haya, swali lenu: naweza kumnunulia mama? Nilipowasha kamera nilitaka kusema ndiyo. Lakini mama maisha yake yote yapo WhatsApp: kundi la ukoo, la vikoba, la kwaya. WhatsApp hawana toleo la simu hizi. Ipo Waydroid, inafungua programu za Android ndani ya Linux, ila kwa RAM hii inajikokota. Programu za benki ndiyo kabisa, nyingi zikijikuta humo zinagoma. Halafu simu ikiwa imelala ukaipigia, sekunde kadhaa zinapita ndipo iamke na kuita. Mama akisubiri simu kutoka kwa daktari, sekunde hizo ni nyingi. Na Pine64 wenyewe waliwauzia watu wa mwanzo wakisema wazi kwamba inataka mtu anayeijua Linux.

Kwa hiyo hapana, mama abaki na Android yake. Ila hii swichi ya maiki naitaka kwenye simu ya mama! Kama wanaweza kupanga kamera tatu mgongoni mwa simu ya bei ya kawaida pale Kariakoo, swichi moja inawashinda nini?

Jumamosi naichomeka kwenye TV tuone ikigeuka kompyuta. Mwenye kibodi ya Bluetooth ya kuazimisha anitafute.