Kutibiwa moyo: Chennai au Dar es Salaam?

Zamani jibu lilikuwa moja tu: India. Apollo, hospitali binafsi iliyofunguliwa Chennai mwaka 1983, ina idara nzima ya wagonjwa wa kigeni, na viza ya matibabu inaruhusu wasindikizaji wawili. Makadirio ya gharama za upasuaji unatumiwa kwa barua pepe kabla hujasafiri. Uzuri huo.

Kinachouma ni yasiyoandikwa kwenye makadirio: nauli ya msindikizaji, pango la chumba karibu na hospitali, chakula, na zile siku zinazoongezeka daktari akisema kidonda hakijakauka vizuri. Halafu ukisharudi nyumbani, kliniki ya marudio utahudhuria wapi? Ulizeni hilo kabla ya kukata tiketi. Dalali anayekusukumia hospitali moja bila hata kutazama majibu ya vipimo vyako, mkimbie. Wengine wanakula kamisheni.

Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ya serikali, iko Muhimbili tangu 2015. Wanapasua kifua, wanabadilisha valvu (vilango vya damu ndani ya moyo), wanazibua mishipa kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani. Hata Wacomoro wanakuja. Kwa upande wa binafsi, Aga Khan ilizindua jengo jipya 2019. Foleni zipo, tusidanganyane, ila ndugu wanapokezana zamu na uji unatoka nyumbani.

Kwa valvu au mishipa iliyoziba, mimi ningeanzia Dar. Kupandikizwa moyo mwingine, hapo India bado iko mbele.