Foklifti ya tani 2.5: umeme au dizeli?

Kwa ghala la zamu moja lenye sakafu ya zege, chukua ya umeme. Moshi wa dizeli huacha masizi kwenye magunia ya chai na unga. Injini ya gesi moshi wake hauonekani, lakini hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu na inayoua penye hewa finyu.

Betri ya risasi ya volti 48, ampea-saa 600, hubeba karibu kWh 29. Usiishushe chini ya asilimia 20, basi zinazotumika ni 23 hivi. Dizeli ya ukubwa huo hunywa lita 2 hadi 3 kwa saa. Linganisha na bei ya uniti unayolipa.

Kinachoharibu betri ni matunzo mabaya. Kuchaji huchukua kama saa 8, kisha iachwe ipoe. Maji ya betri yaongezwe baada ya kuchaji: ukijaza kabla, asidi hupanda na kumwagika. Maji ya bomba yana madini yanayoharibu seli. Ikilala na chaji nusu, salfeti huganda kwenye pleti na nguvu hupungua bila kurudi. Sehemu ya kuchajia ipitishe hewa, moto usisogee, maana betri hutoa hidrojeni.

Lithiamu haitaki maji, na huchajiwa hata wakati wa chakula. Ila ni nyepesi, na uzito wa betri ndio unaosaidia kuzuia foklifti isiinuke nyuma. Soma kibati cha mashine: kina uzito wa chini wa betri. Ukipungua, ongeza vyuma. Hapa hakuna mjadala.

Yadi ya udongo, mvua, zamu mbili na umeme wa kukatika: hapo dizeli bado inashinda. Tenki hujaa kwa dakika chache. Oili na filta yake badilisha kila saa 250 za kazi au kama kitabu cha mashine kinavyosema. Penye vumbi la saruji kagua filta ya hewa kila siku, na kwenye pamba au mkonge safisha rejeta, kwani nyuzi huiziba na injini huchemka.

Ukinunua ya umeme iliyotumika, ichajiwe ijae, kisha pima seli zote 24 kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi. Nzima husoma karibu 1.28. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, dai bei ishuke kwa gharama ya betri.